Kumsomea Asiyeona ni Kumwazima Macho

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma)



Neno kujitolea limezoeleka sana katika nchi hii, na aghalabu linapotajwa huja na picha ya jembe, sururu na karai la zege. Watu wamejitolea kuchimba mitaro ya maji, kufyatua matofali ya shule, kujenga zahanati na kufungua barabara za vijiji. Kazi hizo huonekana. Jengo husimama, jiwe la msingi huwekwa, na mpiga picha akifika hapati taabu ya kujua aelekeze wapi kamera yake. Kazi inayozungumzwa hapa haina jengo wala jiwe. Mtu mmoja huketi, mwanafunzi asiyeona huketi karibu naye, kitabu hufunguliwa, na kwa muda wa saa moja husikika sauti moja tu ikisoma. Saa ikiisha hakuna kilichobaki cha kuonyeshwa mgeni. Pengine ndiyo sababu wanaoifanya ni wachache.

Hata hivyo desturi yenyewe si ngeni. Kabla kisomo hakijaenea, vijijini alikuwapo mtu, mara nyingi kijana wa shule, aliyeitwa jioni kuwasomea wazee barua zilizotoka kwa watoto wao waliokuwa katika mashamba ya mkonge, migodini au mijini. Kijana huyo alijua adabu ya kazi hiyo bila ya kuandikiwa kanuni. Alisoma yaliyomo, yawe ya furaha au ya aibu. Hakuongeza salamu ambazo hazikuandikwa, hakupunguza deni lililotajwa, hakucheka, na alipotoka pale hakuyapeleka maneno ya barua kisimani. Jibu aliliamua mzee. Kijana aliliandika tu. Halafu mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya watu wazima vilikusanyika kusikiliza redio, na kiongozi wa kikundi akawasomea wenzake kijitabu kwa sauti kabla ya majadiliano kuanza. Watu wapatao milioni mbili walishiriki katika kampeni ile, na wengi wao hawakuwa wamejifunza kusoma wenyewe, au ndiyo kwanza walikuwa wanajifunza. Hakuna aliyesema kwamba wale waliosomewa hawakuwa na akili ya kuchimba choo.

Adabu ile ya msoma barua ndiyo msingi wa yote yatakayoelezwa hapa.

Watu wengi hudhani kwamba tatizo la vitabu vya wasioona lilikwisha tangu siku yalipovumbuliwa maandishi ya nukta nundu. Ni kweli kwamba uvumbuzi ule ulikuwa mkubwa. Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, si mbali na Paris. Akiwa na umri wa miaka 3 alijichoma jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, aliyekuwa fundi wa matandiko ya farasi, na maradhi yakaingia hata jicho la pili. Alipofika umri wa miaka 15, mwaka 1824, alikuwa amekwisha kuunda mfumo wake wa nukta sita, ambazo kwa kupangwa na kupanguliwa hutoa alama 63. Kwa alama hizo kidole huweza kusoma lugha yoyote, hesabu na hata muziki. Kijana wa miaka 15 aliwapita wakubwa wote waliokuwa wakiwatengenezea vipofu herufi za kawaida zilizovimba, kwa sababu wakubwa hao walifikiria jinsi macho yanavyosoma, naye alifikiria jinsi kidole kinavyosoma.

Lakini nukta nundu huhitaji karatasi nene, nafasi kubwa na mtu au mashine ya kuziandika. Kitabu ambacho mwanafunzi anayeona hukitia mfukoni hugeuka kuwa majuzuu kadhaa ya kujaza rafu. Umoja wa Wasioona Duniani umekuwa ukikadiria kwamba vitabu vilivyochapishwa ulimwenguni ambavyo asiyeona anaweza kuvisoma, kwa nukta nundu, kwa sauti au kwa maandishi makubwa, havifiki hata kimoja katika kila kumi, na katika nchi maskini hali ni mbaya kuliko hapo. Mkataba uliotiwa saini mjini Marrakesh mwezi Juni 2013 ulikusudiwa kupunguza njaa hiyo ya vitabu kwa kuruhusu nakala za aina hiyo zitengenezwe na kuvuka mipaka pasipo kuzuiwa na haki za watunzi. Mkataba ni jambo jema. Lakini mkataba haumsomei mtu sura ya nne inayotakiwa darasani Jumatatu.

Fikiria safari ya mtoto mmoja asiyeona. Huanza katika shule iliyoandaliwa kwa ajili yake, kama ile ya Buigiri mkoani Dodoma iliyoanza mwaka 1950, au kule Kenya, shule ya Thika iliyoanza mwaka 1946. Hapo walimu wanajua nukta nundu, na mashine za kuandikia zipo, hata kama hazitoshi. Mtoto hujifunza upesi, hufaulu, na kwa kufaulu kwake huchaguliwa kuingia sekondari pamoja na wenzake wanaoona, kisha chuo. Kila anapopanda ngazi, vitabu vinavyohitajiwa huongezeka na vile anavyoweza kuvisoma kwa kidole hupungua. Anapofika chuoni huingia katika maktaba yenye maelfu ya vitabu, akasimama katikati yake kama mtu mwenye kiu aliyesimama juu ya kisima kilichofunikwa kwa zege. Mtu aliyepewa nafasi ya kusoma kwa sababu ya akili yake hushindwa kwa sababu hakuna wa kumfunulia ukurasa.

Kwa walimu, kazi hii huanza kabla ya kitabu. Huanza ubaoni. Mwalimu mwenye wanafunzi wasioona darasani, akiwa na haraka, huandika huku akisema: "Hii ukiiweka hapa, na hii ukaihamishia kule, unapata hii." Wanaoona wameelewa. Asiyeona amesikia chaki ikigonga ubao. Kusema kwa sauti kila kinachoandikwa hakuhitaji fungu katika bajeti, wala kibali, wala semina. Na ajabu ni kwamba wanaoona nao hufaidika, hasa wale wanaoketi nyuma. Katika darasa hilohilo aghalabu wamo wenye uoni hafifu, wakiwamo wengi wenye ualbino, ambao huonekana kama wanaona kwa kuwa hawashiki fimbo nyeupe. Hao huweza kusoma maandishi makubwa kwa muda, kisha macho huchoka na kichwa kuuma. Msomaji anayewachukua kwa saa ya pili, macho yao yakiwa yamekwisha kazi, amewaongezea nusu ya siku ya masomo.

Sasa lizungumzwe lile ambalo ni gumu zaidi, nalo ni namna ya kusoma.

Walimu na watumishi wa ofisi ndio wanaofaa kuliko watu wote kwa kazi hii, kwa kuwa maandishi ndiyo kazi yao ya kila siku. Lakini kila mmoja huja na tabia aliyoifuga kazini, na tabia hizo mbili huharibu. Mwalimu amezoea kufafanua. Akifika sentensi ya tatu hukiweka kitabu magotini na kuanza: "Sasa hapa maana yake ni kwamba..." Mtumishi naye amezoea kufupisha. Jalada la kurasa arobaini likimfikia mezani, humwandikia mkuu wake dokezo la nusu ukurasa, na husifiwa kwa hilo. Akipewa kitabu amsomee mwanafunzi, huruka mifano, huruka tanbihi, hupita juu ya ibara anayoiona kuwa ndefu, kisha husema, "Hapa anarudia yaleyale." Wote wawili hutenda kwa nia njema. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huingia katika mtihani akiwa hakumsoma mtunzi wa kitabu. Amemsoma msomaji wake. Akiulizwa hoja ya mtunzi hutoa maoni ya mwalimu, akiulizwa ushahidi wa hoja hukumbuka muhtasari usio na ushahidi. Mwenzake anayeona alipewa nafasi ya kukubaliana na kitabu au kubishana nacho. Yeye hakupewa.

Kwa hiyo msomaji husoma kilichoandikwa, chote. Husoma kichwa cha sura, jina la mtunzi, mwaka wa uchapaji na namba ya ukurasa, kwa sababu mwanafunzi wa chuo hutakiwa kutaja ukurasa alikotoa maneno, na asiposomewa namba ataonekana mvivu au mwizi. Jina la kigeni hulitamka kadiri awezavyo kisha hulitaja herufi kwa herufi. Jedwali huanza kwa kueleza lina safu ngapi na kila safu inahusu nini, kisha husoma mstari mmoja hadi mwisho ndipo aende wa pili, kwani kusoma namba tupu bila ya kueleza safu zake ni kumwagia mtu kokoto sikioni. Mchoro huelezwa kwanza kilichochorwa, na maana yake huachiwa mwenye kujifunza. Akiombwa maelezo atoe, ila aseme wazi kwamba sasa anazungumza yeye na wala si kitabu. Mwanafunzi akisema "rudia", hurudia pasipo kuguna. Akisema "ongeza mwendo", huongeza. Watu waliozoea kujifunza kwa sikio wengi husikiliza haraka kuliko inavyodhaniwa.

Kuna aina nyingine ya usomaji mbaya ambao ni kinyume cha huo wa kufafanua mno, yaani kusoma bila ya kuelewa lolote. John Milton, mshairi wa Uingereza, alipofuka kabisa mwaka 1652. Mpwa wake aliyeandika habari za maisha yake ameeleza kwamba mabinti wawili wa mshairi huyo walilazimika kumsomea vitabu vya Kiebrania, Kiyunani, Kilatini na lugha nyingine, wakitamka vizuri maneno ambayo hawakuyajua hata moja. Kazi hiyo iliwachosha wakainung'unikia, na ni nani atakayewalaumu? Lakini mwaka 1662 alikuja kijana aliyeitwa Thomas Ellwood, aliyetaka kuendeleza Kilatini chake. Kila siku alasiri, isipokuwa Jumapili, alikuwa akimsomea Milton. Kijana huyo ameacha kumbukumbu kwamba mzee alitambua kwa mlio wa sauti tu pale msomaji alipokuwa haelewi anachokisoma. Akamsimamisha, akamuuliza, akamfungulia maana. Hapo asiyeona ndiye aliyekuwa mwalimu, na mwenye macho ndiye aliyekuwa mwanafunzi.

Habari hiyo yafaa kukumbukwa na kila anayekwenda kusoma akidhani anakwenda kutoa sadaka. Mwanafunzi wa sheria au wa historia anayesomewa na karani huijua sheria au historia kuliko karani. Pole nyingi, mkono wa kichwani, na sauti ile ya upole wa kupita kiasi ambayo watu huitumia kwa wagonjwa, vyote hivyo havina kazi pale. Kinachotakiwa ni matamshi safi na koo lililolainishwa kwa maji.

Watumishi wa ofisi wanalo jambo jingine wanaloweza kulifanya vizuri kuliko wote, nalo ni kutunza siri. Si vitabu tu vinavyosomwa. Kuna matangazo yaliyobandikwa ubaoni, ya nafasi za masomo na za kazi, ambayo asiyeona huyapita kila siku. Kuna fomu za mkopo wa masomo, barua za benki, majibu ya hospitali, na barua za mchumba. Mwanafunzi anapompa mtu karatasi ya namna hiyo, amempa ufunguo wa nyumba. Mtumishi anayejua kwamba jalada la siri halitoki masjala mikononi mwa mjumbe yeyote tu hahitaji kuhubiriwa zaidi.

Wengine watauliza kama kompyuta na simu za mkononi hazijaiondoa haja ya msomaji. Swali ni la haki. Zipo programu zinazosoma kwa sauti yaliyomo katika kompyuta; mojawapo, iitwayo NVDA, ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wasioona wa Australia, nayo hutolewa bure. Zimewafungulia wengi milango, na kila chuo chenye wanafunzi wasioona kingepaswa kuwa nazo. Lakini mashine hupenda karatasi safi. Ipe maelezo ya mhadhiri yaliyoandikwa kwa mkono, au nakala ya nakala ya nakala ambayo ukingo wake mmoja umekatika, au ramani, au jedwali lililolala upande, na mara huanza kutoa sauti zisizo na maana. Aidha kompyuta ina bei, na umeme hukatika. Mahali ilipo, msomaji na asaidie pale inaposhindwa. Mahali isipokuwapo, ambako ni kwingi, msomaji ndiye aliyepo. Na yule mwenye sauti nzuri ila hana nafasi mchana aweza kusoma usiku nyumbani kwake na kurekodi. Mwaka 1948 huko New York, mama mmoja, Anne Macdonald, na wenzake walianza kufanya hivyo kwa ajili ya askari waliopofuka vitani na waliotaka kuingia vyuo vikuu. Walitumia sahani za plastiki ambazo kila upande wake ulichukua dakika 12 tu za sauti. Leo simu ya kawaida hurekodi sura nzima bila ya kugeuzwa upande.

Limebaki suala la wakati, na hapa ndipo wengi huanguka. Wiki ya kwanza hujitokeza watu ishirini. Wiki ya sita hubaki watatu. Aliyeacha hana ubaya moyoni. Kulikuwa na kikao, kulikuwa na msiba, kulikuwa na mvua. Mwenye macho akikosa msaidizi hufungua kitabu mwenyewe. Asiyeona hungoja.

Kungoja huko kumeelezwa na mtu aliyekujua barabara. Taha Hussein wa Misri alizaliwa mwaka 1889, akapofuka utotoni baada ya macho yake yaliyouma kutibiwa na kinyozi wa kijiji. Alipopelekwa Al-Azhar mjini Cairo akiwa kijana mdogo, aliishi chumba kimoja na kaka yake. Katika kitabu cha maisha yake ameeleza jinsi kaka huyo alivyokuwa akitoka jioni kwenda kunywa chai na kudurusu pamoja na rafiki zake, naye akabaki peke yake gizani, akisikiliza sauti za watu wanaosoma mahali pengine. Kijana huyo alipata udaktari wa kwanza uliotolewa na Chuo Kikuu cha Misri, mwaka 1914. Akiwa Ufaransa alipata msomaji, binti aliyeitwa Suzanne Bresseau, ambaye alimsomea vitabu vya Kifaransa na mwishoni akawa mke wake. Mwaka 1918 alipata udaktari wa pili, huko Sorbonne. Mwaka 1950 akawa Waziri wa Elimu wa nchi yake, na ada za shule za sekondari zikafutwa. Wale waliomsomea walipokuwa wakigeuza kurasa hawakujua kwamba wanamsomea Waziri.

Basi ni afadhali mtu aahidi saa moja kwa wiki na kuitimiza mwaka mzima kuliko aahidi kila jioni na kufika mara nne. Shule au chuo kimpangie kila mwanafunzi wasomaji wawili, ili mmoja akisafiri kikazi mwingine awepo. Msomaji akiingia chumbani ataje jina lake, hata kama anadhani sauti yake inajulikana. Akitoka aage, ili mwenzake asiachwe akizungumza na kiti. Na siku ambayo kwa kweli hawezi kufika, ampelekee mwanafunzi habari mapema, kwa mdomo au kwa simu. Wapo walioacha ujumbe wa namna hiyo kwenye karatasi, wakaibandika mlangoni.